Kusikia vizuri mawimbi mafupi kwa antena fupi: mwongozo kwa wainjilisti wa kando ya mto



Yanonge iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, yapata kilomita 60 chini ya Kisangani. Redio za FM za mjini zinatufikia kwa kukatika-katika. Ukiingia vijiji vya ndani ya msitu, au ukishuka mto zaidi kwa mtumbwi, hazifiki kabisa. Mtandao wa simu nao unapatikana mahali fulani tu, na mara nyingi lazima mtu apande kilima au asimame kando ya maji. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za wainjilisti na wazee wa kanisa bado utakuta redio ndogo ya mawimbi mafupi, yenye antena ya kuvuta ya fimbo moja.

Wengi wametuuliza: mbona redio hiyo inalia tu kama mafuta ya kukaangia? Je, tununue nyingine? Mara nyingi jibu ni hapana. Redio ni nzima. Inakosa vitu vitatu: ukimya, waya wa chini, na waya kidogo wa juu. Tunaviandika hapa kwa utaratibu huo, kwa sababu karibu kila mtu huanza na cha tatu, kisha anakata tamaa.

Jambo lililotufundisha

Mwaka 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola uliwaka Lubunga, ng’ambo ya Kisangani, upande wetu huu wa kushoto wa mto. Nyumba zilichomwa na watu wengi walikimbia. Uvumi ulishuka mto pamoja na mitumbwi. Jioni moja tuliambiwa kwamba watu wenye silaha wako njiani kuja kwetu. Akina mama walianza kufunga mizigo. Vijana walitaka kuvusha watoto ng’ambo usiku ule ule, na mto ulikuwa umejaa.

Tuliwasha redio ya parokia ili tusikie habari za Kongo kwa Kifaransa kupitia RFI. Tulisikia ngurumo tu, tangu mwanzo wa bendi hadi mwisho. Tulivuta antena yote, tukaizungusha, tukapandisha sauti. Kelele nayo ikapanda. Kijana mmoja aliyekuwa akichaji simu aliondoka na kuchomoa waya wake, na papo hapo kelele ikapungua nusu. Tukazima taa zote, tukachomoa paneli ya jua kwenye kisanduku chake, kisha tukatoka na redio mpaka chini ya mwembe. Sauti ya mtangazaji ikaja safi kiasi cha kufuata kila neno.

Habari zile zilitaja mapigano ya Lubunga, lakini hazikusema lolote juu ya njia yetu. Huo haukuwa uthibitisho kamili, nasi tuliwaambia watu hivyo. Lakini ulitosha kuwafanya wangoje mapambazuko na kumtuma mjumbe, badala ya kuingiza watoto ndani ya mitumbwi gizani. Mjumbe alirudi na kusema barabara ni tulivu. Tangu usiku ule tumejifunza jambo hili la redio kwa bidii, maana tuliona kwamba kutosikia kunaweza kuua watu.

Kwa nini fimbo fupi inasikia kidogo

Kila wimbi lina urefu wake. Ukitaka kuujua kwa mita, gawanya 300 kwa idadi ya megahezi. Kituo cha FM kwenye 100 MHz kina wimbi la mita 3. Antena ya fimbo hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya wimbi, yaani hapa sentimita 75. Sasa pima fimbo ya redio yako. Utakuta iko karibu na kipimo hicho, kwa maana ilikatwa kwa ajili ya FM.

Chukua sasa mawimbi mafupi. Redio ya serikali ya Zanzibar, kwa mfano, kwa miaka mingi ilisikika kwenye 11735 kHz, yaani 11.735 MHz. Wimbi lake ni la mita 25 na nusu, na robo yake ni zaidi ya mita 6. Kwenye bendi ya mita 49, robo ni zaidi ya mita 12. Fimbo ya sentimita 75 mbele ya wimbi kama hilo ni kama kijiko cha chai mbele ya mto. Inachota, lakini inachota kidogo.

Hata hivyo, kidogo hicho kingetosha. Kwenye mawimbi mafupi kelele inayotoka nje, ya radi za mbali na ya mitambo ya jirani, kwa kawaida ni kubwa kuliko kelele ya ndani ya redio yenyewe. Kwa hiyo unachotafuta si sauti kubwa tu, bali tofauti kati ya sauti ya kituo na kelele. Ukirefusha antena ndani ya nyumba yenye kelele, unachota vyote viwili kwa pamoja, na tofauti inabaki ile ile. Huu ndio msingi wa yote yanayofuata.

Kwanza ukimya

Miaka ishirini iliyopita kijiji chetu usiku kilikuwa kimya kwa redio. Leo karibu kila nyumba ina paneli ya jua, na hilo ni jambo jema. Lakini regulateri ya paneli, konvertisa, chaja ya simu na taa za LED za bei ndogo hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutupa kelele hewani. Jenereta nayo hupiga cheche kwenye plagi yake. Redio iliyo karibu nayo inasikia hayo kabla ya kusikia Ulaya au Eswatini.

Fanya jaribio hili, halihitaji pesa hata kidogo:

1. Weka redio kwenye betri zake. Usiichomeke kwenye chaja wala kwenye paneli wakati wa kusikiliza.
2. Tafuta kituo dhaifu, si chenye nguvu. Kituo chenye nguvu kitakudanganya.
3. Zima vitu vya nyumbani kimoja kimoja, ukisikiliza baada ya kila kimoja. Usisahau simu inayochajiwa chumba cha pili.
4. Toka nje na redio, hatua ishirini au thelathini mbali na nyumba. Kelele ya mitambo midogo hufifia upesi ukijitenga nayo, lakini kituo kinachotoka mbali hakibadiliki kwa hatua ishirini.

Paa la mabati nalo ni tatizo. Chini ya mabati wimbi huingia kwa shida, hasa kama na kuta zina chuma. Nyumba ya udongo yenye paa la majani husikia vizuri kuliko nyumba ya kisasa. Ukiwa na mabati, kaa kwenye baraza au dirishani, na elekeza fimbo nje.

Fimbo yenyewe ijaribu ikiwa imesimama, imelala, na imeinama. Wimbi fupi linalotoka mbali hupanda juu, hurudishwa chini na tabaka za anga, na likifika kwetu limekwisha kupindapinda. Hakuna mkao mmoja ulio sahihi kila siku. Lakini ujue kwamba kuzungusha redio nzima kama tunavyofanya kwa mawimbi ya kati hakusaidii sana hapa. Mawimbi ya kati hupokewa na kile kifimbo cheusi kilicho ndani ya redio, nacho kinachagua upande. Mawimbi mafupi hupokewa na fimbo ya nje.

Pili, waya wa chini

Umewahi kuona kwamba ukishika redio mkononi sauti inakuwa nzuri, na ukiiweka mezani inafifia? Si uchawi. Antena ya fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili inatakiwa kuwa ardhi, au kitu kikubwa kinachochukua nafasi ya ardhi. Redio ndogo ya plastiki haina kitu hicho, kwa hiyo inautumia mwili wako. Kama redio yako inaonyesha dalili hii, basi inakuomba waya wa chini.

Chukua waya wa shaba wenye ngozi ya plastiki, mita 4 au 5. Menya ncha moja. Iunganishe na upande hasi wa betri, ile springi iliyo kwenye kisanduku cha betri, kwa kuupachika kati ya springi na betri. Kama redio ina tundu la kusikilizia kwa masikio, sehemu ya nje ya chuma ya plagi yake mara nyingi nayo imeunganishwa na upande huo huo, na unaweza kufunga waya hapo. Kisha laza waya sakafuni au juu ya nyasi, umenyooka, ukielekea upande usio na mitambo ya umeme.

Wengine huchimbia fimbo ya chuma ya nusu mita au mita moja mahali penye unyevu, karibu na mahali pa kuogea au chini ya mgomba, na kufunga waya hapo. Hiyo ni nzuri zaidi, na mara nyingi inapunguza kelele pia. Lakini usifunge waya huo kwenye chuma cha jenereta wala kwenye nyaya za umeme za nyumba. Ni hatari kwa maisha, na tena utaingiza kelele yote uliyoikimbia.

Katika parokia zetu hatua hii peke yake imewafurahisha watu kuliko nyingine zote, kwa sababu hawakuitegemea.

Tatu, waya wa juu

Sasa ndipo tunaongeza urefu. Kwa redio ndogo, mita 5 hadi 8 za waya mwembamba zinatosha. Usianze na mita 30.

Funga jiwe dogo kwenye kamba ya nailoni, litupe juu ya tawi, kisha vuta waya kwa kamba hiyo. Mwisho wa waya usiguse tawi. Funga kati ya kamba na waya kipande cha plastiki, kwa mfano shingo ya chupa ya maji, ili mvua isipitishe umeme kwenye mti. Mti ukikosekana, mwanzi mrefu uliosimikwa unatosha. Waya usipite juu ya mabati wala kuyagusa, na ukae mbali na nyaya za paneli kadiri unavyoweza.

Kuna njia mbili za kuuunganisha na redio. Ya kwanza ni kubana ncha iliyomenywa kwenye fimbo kwa kibanio cha chuma. Ya pili ni kuzungusha waya, ukiwa bado na ngozi yake, mara sita hadi kumi kwenye fimbo bila kuimenya. Katika njia hii ya pili wimbi linaruka kutoka kwa waya kwenda kwa fimbo kidogo kidogo. Kwa redio za bei ndogo tunapendelea hiyo ya pili, na sababu yake tutaieleza mara moja.

Kosa moja tumeliona mara nyingi. Mtu anaweka fimbo fupi nje juu ya paa, kisha anashuka nayo kwa mita kumi za kebo nene ya televisheni. Redio inakuwa kiziwi kuliko mwanzo. Kebo ile ina chuma kinachouzunguka waya wa kati, na fimbo fupi ni dhaifu mno kuijaza. Kile kidogo ilichochota kinamezwa ndani ya kebo kabla hakijafika. Waya wa kawaida, bila kifuniko cha chuma, unafaa zaidi kwa kazi hii.

Waya ukizidi

Usiku anga hufunguka na vituo vyenye nguvu kubwa huingia kwa pamoja. Redio ndogo iliyotengenezwa kwa fimbo ya sentimita 75 ikipewa mita 20 za waya inalewa. Utasikia vituo viwili vikipandana, filimbi, au kituo kimoja kikitokea mahali pengi. Watu wengi wakisikia hivyo husema waya hautoshi, wanaongeza mwingine. Fanya kinyume chake. Fupisha waya, au punguza mizunguko kwenye fimbo. Kama redio ina swichi yenye maneno DX na LOCAL, iweke LOCAL. Wakati mwingine inafaa hata kurudisha fimbo ndani nusu.

Jambo lingine linachanganya watu. Redio nyingi za bei ndogo zinasikia kituo kimoja mahali pawili: pale kilipo kweli, na tena 910 kHz chini yake. Kituo cha 11735 kitaonekana pia kwenye 10825. Ni kasoro ya jinsi redio ilivyotengenezwa. Namba iliyo ndani ya bendi zinazojulikana ndiyo ya kweli, na hapo ndipo kituo husikika safi zaidi.

Radi

Tunaliandika hili peke yake ili asiwepo atakayelisahau. Tshopo ni nchi ya mvua na radi. Waya uliotundikwa mtini ni mwaliko. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata ikiwa mbali, ondoa waya kwenye redio na uutupe nje ya dirisha. Usiku ukilala, ondoa. Ukienda shambani, ondoa. Usishike waya huo wakati mvua inakuja.

Sisi wenyewe tuliacha waya umebanwa kwenye fimbo alasiri moja tukaenda kuzika. Radi haikupiga mti wetu wala nyumba yetu, ilipiga mbali. Lakini tuliporudi redio ya parokia ilikuwa haisikii tena mawimbi mafupi, ingawa FM ilijitahidi. Fundi alituonyesha transista ndogo ya mlangoni, ile ya kwanza inayopokea kutoka kwa antena: ilikuwa imekufa. Chaji iliyojikusanya kwenye waya ilitosha kuiua. Tulishukuru kwamba ni transista na si mtoto. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuzungusha waya wenye ngozi badala ya kuubana: unasaidia kidogo kukinga redio. Lakini haukingi radi yenyewe. Dawa ya radi ni kuondoa waya.

Saa na bendi

Antena nzuri kwenye bendi isiyo ya saa yake haitasikia kitu. Kanuni ni rahisi: jua likiwa juu, tafuta namba kubwa, giza likiwa limeingia, tafuta namba ndogo.

Mchana, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi:
– bendi ya mita 16 (17480 hadi 17900 kHz)
– bendi ya mita 19 (15100 hadi 15800 kHz)
– bendi ya mita 25 (11600 hadi 12100 kHz)

Alfajiri na magharibi:
– bendi ya mita 25
– bendi ya mita 31 (9400 hadi 9900 kHz)
– bendi ya mita 41 (7200 hadi 7450 kHz)

Usiku:
– bendi ya mita 31 na 41
– bendi ya mita 49 (5900 hadi 6200 kHz)

Ratiba za vituo huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Sisi wa Tshopo tunaongeza saa mbili. Kipindi kilichoandikwa 1800 UTC kwetu ni saa mbili usiku. Ujue pia kwamba vituo hubadilisha namba zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kituo chako kikipotea wiki hiyo, usilaumu antena. Pitia bendi jirani saa ile ile ya kipindi.

Kuna siku mchana mawimbi mafupi yote hunyamaza kwa dakika kadhaa au hata saa nzima, kisha hurudi. Hiyo ni milipuko ya jua. Mwezi Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia katika kilele cha mzunguko wake wa miaka kama kumi na mmoja. Miaka ya namna hii bendi za mchana husikika mbali sana, lakini kunyamaza huko nako hutokea mara nyingi zaidi. Ngoja tu.

Fimbo ikivunjika

Fimbo nyingi huvunjika kwenye kiungo cha chini. Kabla ya kuitupa redio, angalia skrubu iliyo chini ya fimbo. Ikilegea, redio inakuwa kiziwi ingawa fimbo inaonekana nzima. Ikaze. Kama kuna kutu, sugua kwa kitambaa na ncha ya kisu mpaka chuma king’ae. Ukifungua redio, tazama kama waya mwembamba unaotoka kwenye skrubu kwenda ndani haujakatika. Watoto wakiivuta fimbo kwa nguvu huo ndio hukatika kwanza.

Kama fimbo imepotea kabisa, waya mgumu wa shaba wa sentimita 75 uliofungwa kwenye kipande cha mwanzi na kubanwa na ile skrubu utafanya kazi ile ile. Tumeona pia ubavu wa mwavuli, na spoki mbili za baiskeli ya toleka zilizounganishwa. Mzee mwenye redio ile anasikia kama sisi.

Wazee wetu walijua hili

Vijana wa Kilokele wasione kwamba haya ni mambo ya wageni. Mababu wa huku kando ya mto, kuanzia Yanonge hadi Isangi, walituma habari kwa lokole kutoka kijiji hadi kijiji. Mmisionari Mbaptisti John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu na Yalemba, alijifunza kupiga lokole yeye mwenyewe na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma hiyo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana kwa sauti hizo. Kwa hiyo mpigaji hatamki neno moja fupi. Analifunga ndani ya fungu refu la maneno, ili msikilizaji wa mbali asikosee hata upepo ukila sehemu yake.

Wazee walijua pia saa. Habari kubwa zilipigwa alfajiri au jioni, hewa ikiwa imetulia na mto ukibeba sauti. Walikwisha kuelewa kwamba ujumbe hushindana na kelele, na kwamba mahali na saa vina nguvu kuliko kupiga kwa nguvu. Nasi tunajifunza yale yale kwa waya.

Kwa nini kanisa lijishughulishe

Injili kwa mawimbi mafupi si jambo la jana. Redio ya Walutheri ya Addis Ababa, Sauti ya Injili, ilianza mwaka 1963 na kutangaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, mpaka serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977. Trans World Radio inatangaza kutoka Eswatini tangu 1974. Wazee wengi wa makanisa yetu walisikia mafundisho ya Biblia kwa njia hiyo miaka ambayo hakuna mchungaji aliyeweza kuwafikia kwa sababu ya vita.

Lakini tusijidanganye: vituo vinapungua. Mwezi Machi 2025 Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1962, ilinyamazishwa na serikali ya nchi yake yenyewe, muda mfupi tu baada ya Goma na Bukavu kutekwa, wakati watu wa mashariki walihitaji habari kuliko wakati wowote. Kwa hiyo tunashauri kila mwinjilisti aandike kwenye daftari vituo vitatu au vinne anavyovisikia, pamoja na namba, saa na lugha, asitegemee kimoja. Na akisikia habari ya kutisha kwenye kituo kimoja, au kutoka kwa mtu wa mtumbwi, atafute ya pili kabla ya kupiga kengele ya kanisa.

Kwa kifupi

Ukibandika ukurasa huu ukutani, bandika hasa mistari hii:

1. Tumia betri, zima paneli na chaja, toka nje.
2. Funga waya wa chini wa mita 4 au 5 upande hasi.
3. Zungusha waya wa juu wa mita 5 hadi 8 kwenye fimbo.
4. Sauti zikipandana, fupisha.
5. Namba kubwa mchana, namba ndogo usiku, ongeza saa mbili kwenye UTC.
6. Ngurumo ya kwanza: ondoa waya.

Nabii Eliya mlimani Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto kabla ya kuisikia sauti ile ndogo. Tulikuwa tumelihubiri neno hilo mara nyingi. Usiku ule chini ya mwembe tulielewa upande wake mmoja ambao hatukuufikiria: sauti ilikuwa inakuja muda wote, na kazi yetu ilikuwa kuzima vitu vya nyumbani mwetu.

Parokia itakayofanya jaribio hili, itutumie habari kupitia ofisi ya wilaya: mlisikia nini, saa ngapi, kwa waya wa mita ngapi. Tutakusanya majibu yenu ili kapela za chini ya mto zifaidike. Na yule mwenye redio kiziwi iliyowekwa sandukuni, aitoe leo jioni. Akaze skrubu kwanza.

Bwana awabariki na kuwalinda.